Mbwa Naye Hulelewa

Huku kwetu Uvira mtu akitaka kumtukana mwenzake tusi la mwisho, humwita mbwa. Nasi tuandikao haya, ingawa tulisoma seminarini na sasa ni miaka kadha tunawafundisha wakatekumeni, tulilitumia neno hilo mara nyingi bila kufikiri. Leo hatulitumii tena. Si kwamba tumeongezeka utakatifu. Ni kwa sababu tumemlea mbwa mmoja nyumbani mwetu, tukaonja taabu yake na furaha yake, tena tukaona jinsi sisi wenyewe tulivyokaribia kuwaletea jirani zetu hatari kubwa.

Mwaijua habari ya mafuriko. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, siku ya Ijumaa katika juma la Pasaka, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya Mitumba. Mji wetu umebanwa kati ya milima hiyo na ziwa Tanganyika, ni mrefu na mwembamba kama mshipi, na mito yake hushuka kwa kasi. Usiku ule mto Mulongwe ulifurika. Ukateremsha mawe, matope na magogo, ukabomoa nyumba, ukakata njia, mji ukawa vipande viwili. Watu makumi walikufa, na maelfu kwa maelfu wakabaki hawana pa kulala.

Nyumba yetu ilisalimika, ila matope yalifika mlangoni. Sisi na mama wa watoto na watoto wetu wanne tulikuwa watu 6. Wakaja ndugu 11 ambao nyumba zao zilichukuliwa na maji, na kati yao binti wa dada yetu, mtoto wa miaka 8, ambaye tangu usiku ule alikuwa hasemi ila kwa kuulizwa.

Siku ya tatu vijana waliteremka mtoni kuokota mabati. Mwana wetu mkubwa akasikia kilio chembamba chini ya bati lililokunjika. Akalifunua, akamkuta mtoto wa mbwa amelala katika matope. Mama yake alikuwa amekufa hapo karibu pamoja na watoto wengine. Akamfunga ndani ya shati lake, akamleta nyumbani. Alikuwa wa rangi ya kahawia na kifua cheupe, kama mbwa wa kienyeji wa huku kwetu. Lakini miguu yake ilikuwa minene, na masikio yake makubwa yalilala kama majani ya muhogo wakati wa jua kali. Watu walisema baba yake ni mbwa mlinzi wa ghala moja huko bandarini Kalundu. Basi alikuwa chotara, mbwa koko, asiye na bei sokoni. Watoto wakamwita Kibati.

Mama wa watoto akasema, «Baba wa watoto, watu 17 wanakula chungu kimoja, nawe wataka kumpokea wa 18?»

Sisi tulikuwa upande wake. Lakini kijana akajibu polepole, «Mama, huyu naye maji yamemchukulia mama yake.» Yule binti wa dada yetu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Hakuna aliyeweza kusema neno.

Wasomaji, hili ni swali la kweli, wala tusilifiche. Je, ni haki kumlisha mbwa wakati ambapo watu wanalala katika madarasa ya masomo bila mkeka? Mama wa watoto ndiye aliyelijibu, wala hakuhitaji vitabu vya seminari. Alisema, «Hatakula katika sahani ya mtu. Atakula vichwa vya ndakala na ukoko wa chungu uliolowekwa. Siku mtu akipungukiwa, mbwa atangoja.» Sheria hiyo ikashikwa. Siku mbili tatu Kibati alingoja kweli.

Siku zile makanisa na masomo yalikuwa yamefungwa tangu mwezi wa Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Darasa letu la wakatekumeni lilikuwa limetawanyika, na badala yake tukapata mwanafunzi mmoja mwenye miguu minne. Na tulianza kumfundisha vibaya.

Mwajua desturi ya watu wengi. Mbwa hufugwa ili awe mkali kwa wezi. Basi akiwa bado mdogo hufungwa kamba nyuma ya jiko, hupigwa, hutiwa pilipili katika chakula, wala haruhusiwi kuona wageni. Nasi tulimfunga Kibati hivyo. Baada ya siku nne alikuwa akiona mkono wa mtu, hujikojolea na kujificha. Siku ya tano mtoto wetu wa mwisho alinyosha mkono ili ampe ukoko, naye akamwuma kidole. Meno yalikuwa madogo, na ngozi haikutoboka; lakini tulikasirika, tukachukua fimbo.

Jirani yetu mzee mmoja alikuwa ameketi uani kwake akitutazama. Mzee huyu zamani alikuwa mwindaji katika misitu ya Itombwe, na mwenyewe alikuwa na mbwa. Akaita, «Mwalimu, nawe wakatekumeni wako huwafundisha kwa kuwafunga kamba?»

Tukaona haya, tukaiweka fimbo chini. Mzee akaja, akakaa chini kwenye udongo, mgongo akampa mbwa, wala hakumwita. Akaongea nasi habari nyingine za mvua na za shamba. Baada ya muda mrefu Kibati akaja mwenyewe kumnusa kiatu. Mzee akatuambia kwamba wao wawindaji, mtoto wa mbwa alikuwa analala karibu na moto pamoja na watu, akabebwa mkononi, akashikwa na wakubwa kwa wadogo, mpaka akaijua harufu ya kila mtu wa kijiji. «Mbwa anayeogopa watu ndiye anayeuma watu,» alisema. «Mlinzi mwema hujua nani ni wa nyumbani. Sasa huyu utamjulisha lini, akiisha kuwa mzee?»

Baadaye tulimwuliza mganga wa mifugo, naye akathibitisha maneno ya mzee. Alimtazama Kibati meno, akasema ana majuma kama matano. Akatueleza kwamba moyo wa mtoto wa mbwa una mlango ambao hufunguka karibu na juma la tatu, na huanza kufungwa karibu na juma la kumi na mbili. Yale anayoyazoea katika muda huo huyaona kuwa ya kawaida maisha yake yote. Yale asiyoyaona huyaogopa. Huko Bar Harbor, Marekani, wataalamu walilijaribu jambo hilo. Waliwakuza watoto wa mbwa ndani ya shamba lenye ua mrefu, wakawapa chakula na maji bila wao kuonana na watu. Wale waliotolewa mapema wakazoea watu upesi. Wale walioachwa mpaka juma la kumi na nne walikuwa wakimkimbia mtu kama wanyama wa porini. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1961, na mwaka 1965 mabwana Scott na Fuller wa mahali pale wakatoa kitabu kikubwa juu ya tabia za mbwa. Wahenga wetu walikwisha kusema: samaki mkunje angali mbichi.

Basi tulikuwa na majuma saba tu. Tukaikata kamba.

Kila siku mmoja wetu alimshika Kibati masikio, midomo na nyayo, taratibu, ili asishtuke siku atakapotibiwa. Wakati akila, mtoto mmoja aliweka mkono karibu na bakuli na kutia kichwa kingine cha ndakala, ili mbwa ajue kwamba mkono wa mtu huleta wala haunyang'anyi. Asubuhi tulimbeba mpaka pwani, wakati wavuvi warudipo na taa zao, wanawake wakipigana bei na watoto wakipiga kelele. Hatukumshusha katikati ya watu siku ya kwanza. Tulikaa mbali, kesho yake karibu kidogo, keshokutwa karibu zaidi. Akaona pikipiki, akaona mbuzi na kuku, wazee wenye fimbo, askari wenye viatu vizito, mama wenye mizigo kichwani. Alipoogopa hatukumvuta wala hatukumcheka. Tulirudi nyuma hatua chache, tukangoja. Alipouma kwa mchezo, mchezo ulikwisha pale pale, kila mtu akageuka na kumpa mgongo. Kwa mtoto wa mbwa adhabu hiyo yatosha, kwani hapendi kuachwa peke yake.

Jambo moja lilitushinda, nalo ni mvua. Matone ya kwanza yakigonga bati, Kibati alikimbilia chini ya kitanda na kutetemeka. Na chini ya kitanda hicho alimkuta mwingine: binti wa dada yetu. Wote wawili walikuwa wameusikia usiku wa Mulongwe, na wote wawili walidhani kila mvua ni ile.

Mama wa watoto alitafuta njia. Alichukua kipande cha bati, akakilaza uani juu ya mawe mawili. Akampa yule binti konzi ya mahindi, akamwambia, «Mbwa akianza kula, wewe dondosha punje moja.» Mtoto akadondosha: ta! Kibati akainua masikio, kisha akala tena. Punje mbili. Punje tano. Kesho yake konzi nzima, kutoka juu kidogo. Mbwa aliposhtuka, mtoto mwenyewe alisema, «Tumezidisha,» akarudi kwenye punje mbili. Baada ya majuma mawili walikuwa wanamwaga changarawe, na Kibati anaendelea kula. Sisi tulifikiri tunamfundisha mbwa tu.

Mwezi wa Mei, mvua mojawapo za mwisho kabla ya kiangazi ilinyesha usiku. Tuliamka tukashika taa, tukaenda kumtoa mtoto chini ya kitanda kama ilivyokuwa desturi. Hakuwako. Alikuwa ameketi mkekani, mbwa amelaza kichwa mapajani pake, naye anamwambia, «Kibati, ni mahindi tu. Ni mahindi tu.» Tukazima taa, tukarudi kulala, lakini usingizi haukuja upesi.

Sasa tufike kwenye kosa letu.

Mbwa alipotimiza miezi minne, mwezi wa Julai, mganga wa mifugo alituambia ni lazima achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Sisi tuandikao haya tulinung'unika. Tulisema: fedha hizi zinunue bati, watu wanavujiwa. Tulisema pia: mbwa huyu ni mpole kuliko kondoo, hamwumi mtu, chanjo ya nini? Mama wa watoto hakubishana nasi. Alikuwa ameweka franka chache za ndakala alizouza, ili anunue kitenge. Akamtwaa mbwa na mtoto mmoja, akaenda, akarudi na kadi yenye mhuri. Akaitia ndani ya kopo pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto. Kitenge hakikununuliwa mwaka ule.

Mwezi wa Mei 2021, siku ya Jumapili alasiri, mbwa mgeni alipanda kutoka mtoni akiingia katika njia yetu. Alikuwa akipepesuka, taya limelegea, mate yanamwagika. Alimwuma mguuni mtoto wa jirani wa miaka 7 aliyekuwa akicheza. Akamrukia mbwa wa yule mzee mwindaji, akamwuma shingoni. Akafika mlangoni kwetu, Kibati akasimama mbele yake, wakapigana, Kibati akatoka sikio limepasuka. Vijana walimwua yule mgeni kwa mawe.

Mama wa mtoto alikuja mbio na majani, na mtu mwingine akaleta jiwe jeusi, lile ambalo wengi hulitumia kwa nyoka. Mama wa watoto wetu akasema, «Wekeni hayo. Leteni sabuni.» Akaosha jeraha kwa sabuni na maji ya kumiminika, akaosha na kuosha, dakika 15 nzima, mtoto akilia. Kisha baba yake akambeba hospitalini. Mahali pa kwanza dawa haikuwako. Siku ya pili ikapatikana penginepo. Akachomwa sindano zake zote kwa siku zilizopangwa, wala hakuruka hata moja. Mtoto huyo yu hai, na leo ni mvulana mkubwa.

Wapenzi, jueni vizuri ugonjwa huu. Kijidudu chake kimo katika mate ya mbwa mgonjwa. Hupita katika jeraha, hufuata mishipa ya fahamu polepole mpaka kwenye ubongo, na huweza kuchukua majuma au miezi kabla ya kuonekana. Muda huo ndio neema, kwani sindano zikiwahi, mtu huokoka. Dalili zikiisha kuonekana, karibu kila mtu hufa. Bwana Pasteur, Mfaransa, ndiye aliyeanza kuokoa watu, tarehe 6 Julai 1885, alipomchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa. Lakini mpaka leo ugonjwa huu unaua makumi ya maelfu ya watu kila mwaka katika Afrika na Asia, na karibu wote waliupata kwa mbwa.

Jioni ile vijana walitaka kuua mbwa wote wa njia yetu. Mganga wa mifugo akaja, akauliza swali moja tu: «Nani ana kadi?»

Tulifungua kopo. Kadi ilisema Julai 2020. Mwaka ulikuwa bado kutimia. Akasema Kibati achanjwe tena mara moja, kisha afungwe uani mbali na watoto na kuangaliwa siku 45. Mbwa wa mzee hakuwa na kadi, naye aliumwa vibaya shingoni. Aliuawa jioni ile ile kwa sindano, na mzee mwenyewe ndiye aliyemshika kichwa.

Siku zile 45 zilikuwa ndefu. Kibati hakuelewa kwa nini amefungwa, yeye tuliyemfundisha kwamba kila mkono ni rafiki. Na hapo ndipo wazo baya lilipotuondolea usingizi. Tulikuwa tumemlea mbwa ili amwendee kila mtu, alambe kila mkono, alale na watoto mkekani. Kama si ile kadi, na kama ugonjwa ungaliingia ndani yake tusijue, ni nani ambaye asingalimfikia? Mbwa mwoga hukimbia watu, lakini huyu wetu angaliwaendea wote, na wa kwanza angalikuwa yule binti aliyemfundisha mvua. Upole wake, ambao sisi tuliusema kuwa ndiyo sababu ya kutomchanja, ndio uliokuwa sababu kubwa ya kumchanja.

Siku ya 46 tulimfungua. Mzee alikuja akaketi chini uani, mgongo akampa mbwa, kama siku ya kwanza. Kibati akaenda akalaza kichwa gotini pake. Mzee akakaa kimya kitambo, kisha akasema, «Mwalimu, mimi nilikufundisha nusu ya malezi. Nusu ya pili aliijua mkeo.»

Tukamwomba mama wa watoto msamaha mbele ya mzee. Na mwezi uliofuata tulinunua kitenge.

Basi, ndugu wasomaji, mkiokota mtoto wa mbwa mtoni au sokoni, msimwone haya kwa kuwa ni koko au chotara. Mwulizeni mganga wa mifugo umri wake, mkaitumie vema miezi yake ya kwanza. Ajue mikono ya watu kabla hajaijua fimbo. Fundisheni watoto wenu pia wasimsumbue akila wala akilala, kwani mafunzo ni ya pande mbili. Na akitimiza miezi mitatu, mpelekeni achanjwe, kisha tena kila wakati kadi inapodai. Wataalamu wasema kwamba katika mbwa 10 wa mahali pamoja wakichanjwa 7, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kazi hiyo haiwezekani kwa nyumba moja. Tarehe 28 Septemba, siku aliyokufa Pasteur mwaka 1895, ndiyo siku ya ulimwengu ya kukumbuka ugonjwa huu. Yafaa katika kila shirika letu tuhesabu mbwa wetu siku hiyo, tuchange fedha, tumwite mganga. Katika njia yetu tumeanza, na mzee ndiye mwenye daftari.

Jioni tukienda kusali katika shirika, Kibati hufuata nyuma, hulala mlangoni, hungoja. Watoto wa mafundisho, tulipowasomea habari ya Tobia aliyesafiri na malaika Rafaeli, na mbwa wake akaenda pamoja nao, waliuliza kwa mshangao mbwa huyo aliitwa nani. Tukawajibu kwamba Kitabu Kitakatifu hakikutaja jina lake. Yule binti wa dada yetu akainua mkono, akasema yeye alijua.